Siku Kanzu Yangu Ilipolewa

Shamba la babu lilikuwa Mwakirunge, huko ndani Kisauni, na kama hujafika usidhani Mombasa yote ni Posta na Marikiti, kuna watu wanalima mihogo yao huko na jembe begani. Sasa ile mvua ya El Nino ya 1997 ilivyopiga mpaka 98 magugu yakatuzidi kimo, babu akaleta vibarua wa palizi kutoka Kitui. Asubuhi wanapimiwa ngwe, ukimaliza yako unalipwa, usiku wanalala kwenye banda la makuti hapo hapo shambani. Mama mmoja alikuja na kijana wake rika langu, tukampachika jina Kidaka, yaani nazi changa, kwa udogo wake, na mie na yeye tukawa chanda na pete.

Baadhi ya minazi babu alimkodisha mgema wa Kigiriama. Babu ni haji, ukimgusia habari ya tembo, ile pombe ya mnazi, anakukata, "mie nakodisha miti, yatokayo juu siyajui." Mgema anapanda asubuhi na jioni anachonga karara kwa kotama yake, kibuyu kinabaki juu kinadondokewa mchana kutwa, na mashina ameyakata vidato vya kupandia.

Basi alasiri moja naelekea chuoni, madrasa, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia kichwani, Kidaka akanizuia njiani analalamika. Ati tangu afike anaambiwa yuko Mombasa na bahari hajaiona, anaona magugu tu. Kweli bana. Nkamwonyesha ule mnazi wa vidato, nkamwambia panda utaiona.

Akapanda huyo! Kufika juu anapiga kelele "naiona! naiona!" halafu kimya kidogo, "aa, ni mabati." Kumbe kwenye kuti pale sisimizi wa maji moto wamejenga kiota. Wale babu alikuwa hataki waguswe, akisema ndo wanaolinda vidaka wasianguke kwa wadudu, ila Kidaka wetu hawakumlinda. Nasikia makofi tu huko juu, mkono mmoja umeshika kuti mwingine unajipiga, guu likakipata kibuyu. Na mie niko chini nimeinua uso, mdomo wazi, namuuliza "sasa waona nini?"

Wallahi lilinimwagikia lote. Tembo lililochacha tangu asubuhi, puani, mdomoni, mpaka ndani ya kofia.

Kidaka kateremka sijui vipi, kavua kila kitu, akapita mbio katikati ya kina mama wanaopalilia kama alivyozaliwa. Mamake akadhani nyoka, akaja na jembe juu, kunifikia akanusa akashika kichwa, "woi, mjukuu wa haji!" Akaifua ile kanzu kwa sabuni ya mche, akaikausha juu ya moto wa kuni. Ikatoka inanuka tembo, sabuni na moshi kwa pamoja.

Kidaka akashikilia lazima anisindikize awe shahidi. Uso mapele matupu, kajifunga leso ya mamake kwa sababu kaptula bado ina wenyewe.

Chuoni maalim akanizunguka ananusa, bakora mkononi. "Nani huyu katoka ulevini?" Kabla sijafungua mdomo Kidaka akajibu, "Maalim, huyu hajakunywa, ni kanzu yake ndo imekunywa." Maalim akageukia ukutani, tukaona mabega yanatikisika, bakora ikamponyoka, akatuashiria kwa mkono tu tuondoke.

Nikajua yameisha. Jioni babu yuko barazani na wazee wenziwe wanangoja magharibi, mgema akaingia na kibuyu kitupu. "Haji, nadai pesa ya tembo langu." Babu akamnong'oneza apunguze sauti, jamaa ndo kwanza akapandisha. Wazee wote kimya, wanatazama viatu vyao. Babu akachomoa noti kwenye mshipi, akampa huku kaangalia upande mwingine. Mgema akarudisha chenji, akahesabu moja moja kiganjani mwa babu, akasema wazi wazi kila mtu akasikia, "Ahsante haji. Kesho nkuwekee kiasi gani?"