Hasira za barabarani ni mbili, na tunazitibu kama moja

Kila video ya madereva walioshikana mashati katikati ya barabara inaposambaa kwenye simu, watu hugawanyika haraka. Wapo wanaosema mtu mzima mwenye leseni anapaswa kuitawala nafsi yake, na akishindwa anyang'anywe usukani. Wapo wanaojibu kwamba hao wahubiri wa utulivu wakapande gari Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, wakifika Posta ndipo waje tuzungumze. Mabishano haya yapo vijiweni, misibani na ndani ya daladala zenyewe, na kila upande una hoja nzito. Kinachonisumbua ni kwamba wote wanaizungumzia hasira kana kwamba ni ya aina moja. Kwa ninavyoona mimi, barabara za Dar es Salaam zina hasira ya hesabu, ile fedha ambayo dereva lazima ampelekee mwenye gari kila jioni, na hasira ya dharau, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Nianze na upande wa kujizuia, maana ndio uliotulea. Nani kati yetu hakuambiwa utotoni kwamba hasira hasara? Msikitini tunasikia Hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mwenye nguvu si anayewabwaga watu kwenye mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake anapokasirika. Kanisani wanasoma Mithali 16:32, kwamba asiye mwepesi wa hasira ni bora kuliko shujaa. Mafundisho haya ni ya kale kuliko gari, lakini barabarani yanakaa mahali pake hasa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo wa maeneo ya makazi Tanzania, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akigeuza shingo sekunde mbili kumkodolea macho aliyemchomekea gari mbele yake, amekwenda mita 28 bila kuangalia mbele. Ndani ya mita hizo kuna vivuko, kuna wanafunzi, kuna mama mwenye beseni la ndizi kichwani.

Wataalamu wa saikolojia wako upande huu pia. Mwaka 1994 Jerry Deffenbacher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha kipimo cha hasira ya udereva, na moja ya mambo yaliyowashughulisha ni kwamba watu hutofautiana: kero ileile humpita mmoja na kumwasha mwingine. Na mwaka 2024 Sophie Kjærvik na Brad Bushman waliunganisha tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000 ili kuona ni nini hasa kinachoshusha hasira. Kilichosaidia ni kile kinachoutuliza mwili, kama kupumua taratibu na kulegeza misuli. Vinavyoupandisha mwili joto, mbio kwa mfano, kwa jumla havikupunguza kitu. Kwa hiyo ule utetezi wa kila siku, kwamba "niache nimtolee uvivu kidogo, nikimtukana ninapoa", hauna msingi. Mwenye kutukana kwenye taa za Tazara anafika Veta akiwa bado anachemka.

Sasa upande wa pili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Serikali haikukaa kimya: mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake, yalianza 2016, daraja la juu la Mfugale pale Tazara likafunguliwa 2018, na la Kijazi pale Ubungo 2021. Anayekumbuka Ubungo ya zamani atakubali kwamba mambo yamebadilika. Hata hivyo foleni imehama tu, inakukuta mbele zaidi. Na ndani ya foleni hiyo, dereva wa daladala na dereva wa gari binafsi hawaishi maisha mamoja, hata kama bampa zao zinagusana.

Daladala nyingi zinaendeshwa kwa hesabu. Mwenye gari anataka fedha yake jioni, kiasi kilekile, iwe kulikuwa na mvua, msiba wa kitaifa au barabara imefungwa kwa msafara. Dereva anaweka mafuta, anatoa hesabu ya bosi, anaacha za dharura, na kinachobaki anagawana na konda. Akikamatwa na trafiki, faini mara nyingi inatoka mfukoni mwake. Kwa mtu huyu, dakika kumi za kusimama nyuma ya gari lililoharibika ni vichwa, yaani abiria, vilivyopandishwa na gari la mbele yake. Anatanua pembeni ya barabara kwa sababu kila gari linalompita linamega mlo wake wa jioni. Hasira yake ina bei, na yeye anaijua bei hiyo kwa shilingi.

Nilishuhudia tukio moja Buguruni lililonifanya nianze kuzitenganisha hasira hizi. Daladala aina ya Kosta ilikuwa inachomekea kutoka kituoni, ikagusa kioo cha pembeni cha gari dogo jeupe, kioo kikakunjika kwa ndani. Hakikuvunjika. Mwenye gari alishuka, akaliacha katikati ya njia mlango ukiwa wazi, akaenda dirishani kwa dereva wa Kosta. Nilikuwa kiti cha nyuma ya dereva, kwa hiyo nilisikia yote. Hakuuliza kuhusu kioo hata mara moja. Alichosema, tena na tena, ni "unanijua mimi?" na "unanionaje?" Dereva naye hakumjibu kuhusu kioo. Alikuwa anatazama mbele, ambako Kosta nyingine ya njia yetu ilikuwa imeshatupita na konda wake anaita abiria kituo kinachofuata, huku akisema, "Bosi, nipe njia, mbele huko wananimalizia." Mmoja aliona heshima yake inapotea, mwingine aliona riziki yake inapotea, na hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu ndiye aliyepaza sauti: "Baba, kikunjue tu hicho kioo, tuna wagonjwa Amana." Kilikunjuliwa kwa mkono mmoja.

Yule mwenye gari dogo ndiye mlengwa halisi wa mahubiri ya kujizuia. Hana hesabu ya kupeleka. Akichelewa nusu saa kazini, mshahara wake uko palepale. Kilichomwasha ni tafsiri aliyoipa ile ajali ndogo: amenidharau. Hapo kupumua kunasaidia, dua inasaidia, na kujiuliza "huyu ananijua hata anidharau?" kunasaidia zaidi. Naamini hasira ya namna hii karibu yote iko mikononi mwa mwenyewe, na asiyetaka kuishughulikia asijifiche nyuma ya foleni. Inashangaza kwamba wenye uwezo mkubwa zaidi wa kutulia, walio ndani ya viyoyozi, ndio wanaowahubiria utulivu watu wa daladala.

Lakini kumhubiria dereva wa hesabu apumue taratibu, kisha ukamwacha na hesabu yake, ni kumwonea. Madereva wenyewe walishalisema hili hadharani. Walipogoma Aprili na Mei 2015, mabasi yakalala na abiria wakakwama nchi nzima, miongoni mwa madai yao makubwa yalikuwa mikataba ya ajira. Wengi wetu tulikumbuka usumbufu na tukasahau dai. Mtu mwenye mkataba na mshahara wa mwezi hana sababu ya kufukuzana na mwenzake kutoka kituo hadi kituo. Mwendokasi inatuonyesha hilo: ina njia yake na madereva wake hawagombanii vichwa, na zile mbio za kukatana mbele ya vituo hazipo. Kero zake nyingine, msongamano na uhaba wa mabasi, tunazijua, ila hiyo haimo.

Hapa wa upande wa kwanza watanikatiza, na wana haki. Madereva wengi wana hesabu ileile, foleni ileile, mabosi walewale, na hawajawahi kumpiga mtu. Ukisema mfumo ndio unaotukana, unawavunjia heshima hao wanaofunga midomo yao kila siku. Nakubali. Kanuni ya Adhabu inahesabu lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa, na haina kifungu cha msamaha kwa mwenye hesabu kubwa. Tena kuna hasira ambayo haina uhusiano wowote na foleni. Mwanamke akichelewa kidogo taa zikiwaka kijani, anapigiwa honi ambayo mwanaume hapigiwi, kisha linafuata swali la nani kamhonga hilo gari. Hapo hakuna hesabu wala bosi. Ni ubabe uliokuwapo kabla mtu hajawasha injini, na barabara imeupa tu mahali pa kutokea. Kwa matusi ya aina hii sitafuti sababu za kumwelewa anayetukana.

Bodaboda ndio wanaouchanganya mgawanyo wangu, na sitaki kuufanya uonekane msafi kuliko ulivyo. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba anabeba zote mbili. Ana fedha ya kupeleka kila siku mpaka pikipiki iwe yake, na wakati huohuo anasukumwa pembeni na magari, anaitwa mwizi, anavuliwa ufunguo na kila mwenye sare. Anapogongwa, anaamini akiwa peke yake hatapata haki, hivyo wenzake wanakuja kwa dakika chache. Mshikamano huo una chanzo kinachoeleweka, na bado unaweza kugeuka unyama. Machi 2022 jijini Nairobi, kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai, kundi la bodaboda lilimzingira dereva mwanamke aliyedaiwa kuhusika katika ajali na kumdhalilisha ndani ya gari lake. Video ilienea na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako. Wengi wa waliomzunguka hawakuwa wamegongwa na mtu yeyote. Walikuja na hasira za siku nyingine, wakazimwaga kwa mtu asiyehusika nazo. Ndiyo maana nasema chanzo kinachoeleweka kikusaidie kuzuia tukio lijalo, kisitumike kumwombea msamaha mtu aliyelitenda.

Kenya hiyohiyo imejaribu njia mbili kabla yetu. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda na sare, na zikataka wenye matatu, yaani daladala za Kenya, wawaajiri madereva na makondakta kwa ajira ya kudumu. Vidhibiti mwendo na sare vilionekana kwa macho. Ajira ilikuwa ngumu kuisimamia, na utaratibu wa kupeleka fedha kila siku uliendelea kwenye matatu nyingi. Ni rahisi kwa trafiki kukagua shati la dereva, ila malipo yake hayaonekani kwa kusimamisha gari.

Jaribio la pili linanivutia zaidi kwa sababu linagusa hasira yetu sisi abiria. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu zinazokwenda safari ndefu, zikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha hovyo. Katika matokeo waliyochapisha 2011, madai ya bima kwa magari yenye stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Stika haikuwaambia watu watulie. Iliwaambia waseme.

Hilo linanirudisha kwenye mahubiri ya kujizuia, ambayo kwetu yamezalisha pia ukimya mbaya. Dereva wa basi anakimbia kwenye kona, abiria arobaini wanashika viti na kusoma dua kimoyomoyo, mmoja anayesema "dereva, punguza mwendo" anajibiwa na konda kwamba kama anaogopa ashuke akakodi taksi, na waliobaki wanaangalia dirishani. Ukimya huo tunauita uvumilivu. Mimi naona ni woga, na unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Kuna hasira inayostahili kutoka kifuani kwa ajili ya hao, ikiwa na sauti ya kawaida na maneno yasiyo na tusi.

Kwa hiyo ningependa mabishano yetu yagawanywe upya. Kwa mwenye gari binafsi, mzigo ni wake. Mafunzo ya udereva yampe saa za kujifunza afanye nini akichomekewa, kama yanavyompa saa za kurudi nyuma na kuegesha, na anayeshuka kwenda kupiga mtu achukuliwe kama mtu mwenye kosa la jinai, isiishie kwenye kusuluhishwa pembeni ya barabara kwa kulipana rangi. Kwa dereva wa daladala, tuanzie kwa mwenye gari. LATRA, ambayo tangu 2019 ndiyo inayodhibiti usafiri wa ardhini, iutazame mkataba wa dereva kwa uzito uleule wa bima ya gari, na itake kuona mshahara ulivyolipwa, miezi kadhaa mfululizo, kabla ya leseni ya njia kuhuishwa. Wenye magari watasema gharama itapanda na nauli itafuata. Huenda ikapanda. Basi mezani pa majadiliano ya nauli iwekwe pia gharama tunayoilipa leo Muhimbili, kwenye wodi za mifupa, ambayo hakuna bosi anayeihesabu jioni.