Mchambuzi kijana akigeuka, tazama tarehe

Kigoma hatujawahi kupungukiwa na wachambuzi wa siasa wenye miaka ishirini. Bando la wiki na simu yenye kamera vinatosha, na kuanzia Mwanga hadi Ujiji utawasikia. Kasheshe huanza wakikaribia thelathini. Mmoja akisema tofauti na alivyosema zamani, hukumu inashuka papo hapo: kanunuliwa, kawa chawa, yaani msifiaji wa wakubwa. Mimi naona hukumu hiyo ya haraka inawafaa zaidi walionunuliwa kweli, maana inawachanganya na waliojifunza.

Chukua kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kijana wa miaka 19 anayeona mitumbwi imepaki mwalo wa Kibirizi ataandika kwamba wavuvi wanakomolewa. Njaa anayoiona ni ya kweli: wanaoanika dagaa, wabeba mizigo na mama lishe wote wanaishi kwa mtumbwi uliotoka usiku. Akikaa mwaloni miaka kadhaa atajua mengine. Dagaa huvutwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka taa hazifui dafu na wavuvi hupumzika hata bila amri ya mtu. Kupumzisha ziwa si kitu kigeni kwao. Kinachouma ni miezi mitatu mfululizo huku rejesho la mkopo wa injini linadaiwa. Hapo msimamo wake unaweza kuhama kutoka "fungueni ziwa" hadi "fungeni, ila marejesho yasogezwe, na nyavu haramu zikamatwe mwaka mzima". Huko ndiko kukua. Serikali bado inabanwa, tena kwa swali gumu kuliko lile la kwanza.

Kuhama chama ni habari nyingine, na mkoa huu unaijua vizuri. Dk. Aman Kabourou aliipa CHADEMA jimbo la Kigoma Mjini kwenye uchaguzi mkuu wa 1995, na baadaye akaenda CCM. Zitto Kabwe alisimamishwa bungeni mwaka 2007 kwa hoja ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi akiwa CHADEMA; mwaka 2015 akawa ACT-Wazalendo, na mikataba ya madini akaendelea kuisema. Kadi peke yake haikuambii kama hoja imehama. Wakati ule wapinzani walipohamia CCM wakisema wana "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, tuliona kadi nyingi zikirudishwa, maelezo ya sera yakiwa sentensi mbili.

Kipimo changu ni mpangilio wa tarehe. Hoja mpya ilitoka kabla ya cheo, au wiki moja baada yake? Andiko la zamani bado lipo ukurasani, au limefutwa? Na je, ametaja kilichombadilisha: waraka gani, ukurasa wa ngapi?

Hapa kwenye waraka ndipo wengi huanguka, wa pande zote mbili. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikifika bungeni mwezi Aprili, kijana mkali anaona "hati yenye shaka" anaandika "wizi". Akishateuliwa, halmashauri ikipata hati safi, anaandika "hakuna ubadhirifu". Kote amekosea. Hati yenye shaka inasema baadhi ya hesabu zina kasoro; haisemi nani kaiba. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa. Haisemi kwamba zahanati imeezekwa wala kwamba dawa zimefika. Hayo yako kwenye aya za hoja za ukaguzi, zile ambazo hakuna anayezipiga picha.

Kijana anayebadilika asifute kitu. Aweke andiko la zamani juu, la sasa chini yake, aseme kipi amekiacha na kipi bado anakishikilia, na kama alisafirishwa kwenye ziara ya kiongozi, ataje nani alilipa nauli na posho. Na sisi tunaosambaza skrini shoti zake za mwaka 2019, tusikate sehemu yenye tarehe.