Karatasi ya Mia Moja Imechoka, Tupeni Sarafu

Wiki iliyopita, katika duka moja la mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, nilidai chenji ya faranga 300 za Kongo nikawekewa mkononi bomboni tatu za kumumunya. Nilipokunja uso, muuzaji aliniuliza kwa upole: "Papa, mwaka huu umeshaona mia moja nzima?" Noti ya mia niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa imebandikwa utepe katikati, tembo wake amefutika hadi kubaki mkonga, na kwa kweli hata mimi nisingekubali kuipokea kwa mtu.

Wakubwa wa fedha huliona jambo hili kuwa dogo, kwa kuwa faranga 100 hazifikii hata senti tano za dola. Hawaoni kwamba pesa ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua kiasi cha chini kabisa ambacho maskini anaweza kununua. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mama anayeuza nyanya hawezi kupanga fungu la faranga 200 huku akijua kwamba hana cha kumrudishia mteja mwenye noti ya 500. Basi fungu hilo analiondoa, anapanga la 500, na aliyetaka nyanya mbili tu za kuungia mboga ya lenga-lenga atanunua tano au ataenda zake mikono mitupu. Chumvi ya kupima na mafuta ya kikombe vinafuata njia hiyohiyo. Anayenunua mafuta kwa kidumu hahisi chochote. Anayenunua kwa kikombe ndiye anayelipa tofauti hiyo kila jioni, na hakuna bunge lililowahi kuipigia kura kodi hiyo.

Kwenye teksi-basi ni vituko vitupu: abiria wawili wasiojuana wanakabidhiwa noti moja na kuambiwa wakagawane huko mbele, hata kama mmoja anashuka sasa na mwingine anakwenda mwisho wa safari.

Nitaambiwa kwamba hata nchi tajiri zinaziacha sarafu ndogo. Ni kweli, Kanada iliacha kusambaza senti moja mwaka 2013, lakini iliweka kanuni: jumla ya malipo ya taslimu inapanda au kushuka hadi kwenye senti tano zilizo karibu. Kwetu bei haijui kushuka. Marekani nayo ilisimamisha utengenezaji wa senti yake mwezi Novemba 2025, baada ya gharama ya kutengeneza moja kuzidi senti tatu na nusu. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sarafu inayogharimu kuliko thamani yake ni upuuzi, na kwamba sarafu zetu za zamani za makuta, za mwaka 1967, ziliishia kuwa vyuma visivyonunua kitu kwa sababu mfumuko wa bei ulizimeza. Ila karatasi nayo haikutukinga: faranga ya sasa ilipozaliwa mwaka 1998 tulichapishiwa hata sentimi za karatasi, na sijui leo ni nani anayeweza kunionyesha moja sokoni. Kuhusu pesa za simu, atakayewasha simu ili alipe kitunguu kimoja aanze yeye.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya yanatokea Lubumbashi. Karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika, misalaba ya shaba iliyoyeyushwa katika ardhi hii ilikuwa fedha, na mwaka 1961 sarafu za faranga 1 na 5 za Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, zilibeba msalaba huohuo, nami hapa sisifii siasa za wakati ule. Leo Kongo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, malori yanapanga foleni hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na sisi tunaunganisha noti kwa gundi. Ng'ambo ya mpaka huohuo, Zambia ilipofuta sifuri tatu mwaka 2013, ilirudisha sarafu za ngwee, senti za kwacha yao, mikononi mwa watu.

Benki Kuu ianze na sarafu ya 100 na ya 200, izitoe kwa wingi, na izifikishe masokoni badala ya kuziacha kwenye masanduku ya benki. Noti ya 50 waiache izeeke, maana hakuna muuzaji anayepanga bei kwa kuifikiria.