Sikuwa Naoga

Kabla hamjaamini picha anayoisambaza yule rafiki yangu: nilikuwa nimevaa. Suti, tai, viatu. Sikuwa naoga mbele ya mteja.

Ndiyo, nauza nyumba ya Buruburu, hapa Nairobi. Ndiyo, niliambiwa nipake rangi tu na kuziba paa linalovuja. (Mlionishauri, nyamazeni.) Mimi nikabomoa ukuta wa chumba cha tatu huko juu, nikapata bafu la kifalme lenye jakuzi. Shilingi 780,000, na fundi bado ananidai za simiti. Nilipiga hesabu kwamba bei itapanda milioni mbili. Hesabu yenyewe niliipigia kwa kinyozi.

Jumamosi mteja akaja na mamake. Akapanda ngazi, akahesabu milango kwa kidole. Mmoja. Wa pili. Akahesabu tena. "Chumba cha tatu kiko wapi?"

Nikafungua mlango kwa madaha. Yule mamake, shosho wa watu, akachungulia. "Kijana wangu, hili si josho?"

Josho! La ng'ombe!

Nikaona niwaonyeshe starehe. Nikaingia, nikalala, nikaweka mkono mmoja kisogoni. Wa pili nikazungusha bomba, waone lilivyo laini. Sikuwa na wasiwasi, maana ilikuwa siku ya mgawo wa maji na mabomba yalikuwa makavu tangu Alhamisi. Bomba likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, kikohozi cha mzee mvuta kiko. Shosho akarudi nyuma hatua moja. Wazee wameona mengi. Ndipo likatema maji ya rangi ya chai ya maziwa: kifuani, kwenye tai, na mdomoni, kwa kuwa nilikuwa bado naeleza. Nikainuka, viatu vikateleza, nikarudi chini chubwi. Nikainuka tena. Chubwi. Rafiki yangu, aliyekuja "kunipa moyo", tayari alikuwa ametoa simu.

Mengine ni mafupi. Mteja ametaja bei ya chini kuliko ya jirani ambaye hajagusa ukuta hata mmoja, kwa sababu itabidi ang'oe josho na kurudisha chumba. Broka naye anasema kodi ya faida ya kuuza nyumba ni asilimia 15 tangu 2023, ila gharama za ukarabati huondolewa kwenye faida ukiwa na risiti. Faida ipi? Na risiti za fundi wangu zimeandikwa nyuma ya pakiti ya unga.

Jakuzi sasa tunahifadhia maji. Siku za mgawo majirani huja na mitungi. Jana rafiki yangu alikuja na miwili.