Hamisha kifungo cha mkanda kabla hujamlaumu mpigaji

Mkono wa kushoto wa mpiga gitaa una kazi ya kubana nyuzi. Kazi ya kubeba shingo ya gitaa si yake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hapa Mwanza, kuanzia kwaya za Igoma hadi bendi za kumbini Kirumba, nawaona vijana wengi wamesimama na gitaa la umeme huku shingo inawavuta chini. Kila wakitaka kuhamisha vidole, lazima kwanza wainyanyue. Wanachelewa nusu pigo, na kiongozi wao anawaambia waongeze mazoezi. Kwa maoni yangu wanachohitaji ni bisibisi na drili, wahamishe kifungo cha mkanda, kile kidude kwenye mwili wa gitaa kinachoushika mkanda wa begani.

Gitaa ukilivaa linaning'inia kwenye vifungo viwili, kimoja mkiani na kingine upande wa shingo. Shingo ni ndefu, na mwishoni kabisa kuna kichwa chenye mashine sita za chuma za kukazia nyuzi. Uzito huo ni mdogo ukiupima peke yake, lakini uko mbali na mwili, kwa hiyo unavuta kwa nguvu. Mtu anayebeba mzega wenye ndoo moja iliyojaa na nyingine nusu hauweki mti begani katikati. Anausogeza mpaka bega likaribie ndoo nzito. Kifungo cha mbele nacho ni hivyo hivyo. Kikiwa nyuma mno, kichwa kinashinda. Ukikisogeza kuelekea kichwani, hata kwa sentimita chache, mvuto unapungua. Kimo nacho kina nguvu yake: mstari unaounganisha vifungo viwili ukipita juu ya kitovu cha uzito, gitaa linatulia, ukipita chini yake, gitaa linataka kupinduka.

Tatizo hili wengine wamelirithi kutoka kiwandani. Gitaa la Stratocaster la kampuni ya Fender, lililotoka mwaka 1954, lina pembe ndefu ya juu inayokipeleka kifungo mpaka karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), ndiyo maana watu wengi wakilivaa hawalalamiki. Kampuni ya Gibson walipobadilisha umbo la gitaa lao la Les Paul mwaka 1961 na kuleta gitaa jembamba la pembe mbili ambalo baadaye liliitwa SG, shingo karibu yote ilibaki nje ya mwili na kifungo kikawekwa nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Ni gitaa zuri, linalofikika mpaka freti za mwisho, nami nalipenda. Lakini likivaliwa, kichwa chake kinashuka. Wanaopiga gitaa la besi liitwalo Thunderbird, lililotoka mwaka 1963, wanaujua mzigo huo huo kwa kipimo kikubwa zaidi. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayotufikia yamenakili maumbo hayo, na kasoro yake imekuja humo humo.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kununua mkanda mpana wa ngozi, ule wenye manyoyamanyoya kwa ndani. Unasaidia, siukatai. Ila ujue unachofanya: unaing'ang'ania nguo ili gitaa lisiteleze. Uzito haujahama popote. Sasa fikiria mpiga gitaa wa kwaya aliyevaa sare ya satini, saa sita mchana, kanisa limejaa, jasho limelowanisha bega zima. Ngozi inashika nini hapo? Wengine wanaongeza kipande cha chuma mkiani ili kusawazisha. Hilo silikubali kabisa, maana ibada zetu ni ndefu na mabega ya watu si ya kuongezewa kilo bila sababu. Afadhali kubadilisha mashine za kichwani ukaweka nyepesi, ukizipata.

Hakuna haja ya kutoboa kwa kubahatisha. Kuna kijana wa kwaya mwenye gitaa jekundu la pembe mbili. Tuliuchomoa mkanda kwenye kifungo cha upande wa shingo, tukauunga kwa kamba ya kiatu kwenye pembe ya juu, tukaibana kamba kwa plasta isiteleze. Akasimama, nikamwambia aachie mikono yote miwili. Shingo ilishuka kidogo, ikakaa. Tukasogeza kamba tena kuelekea kwenye ncha, ikabaki juu, na uso wa gitaa ukaacha kuinamia mbele kama ulivyokuwa ukifanya kifungo kikiwa nyuma. Akaingia kwenye sebene, vidole vyote vinne vinakimbia, kidole gumba kimegusa tu nyuma ya shingo. Nilifurahi kuliko yeye. Hapo ndipo tulipoweka alama ya penseli.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya fundi samani yeyote mwenye mkono mtulivu, mradi usimamie. Kwanza fungua kifuniko cha nyuma uone nyaya zinapita wapi. Usitoboe kuelekea kwenye shimo la nyaya, wala kwenye ungio la shingo lenye boliti au chuma cha kunyooshea shingo. Chagua sehemu nene ya pembe, si ncha yenyewe, kwa sababu mbao hapo hupasuka. Bandika plasta ya karatasi juu ya alama ili rangi isibanduke. Kisha shika keekee mbele ya skrubu ukiitazama: kiini cha skrubu kifichwe, meno yake yaonekane pembeni. Hicho ndicho kipimo, na kwa skrubu nyingi za vifungo kitakuwa karibu milimita 3 au pungufu. Zungushia keekee plasta kwenye kina unachotaka, maana mbao ya pembeni si nene na hakuna anayetaka kuona ncha ya chuma ikitokea mbele. Sugua sabuni ya kipande kwenye skrubu iingie bila kulazimishwa. Chini ya kifungo weka duara la ngozi laini. Fundi viatu atakukatia kutoka kwenye mabaki yake.

Najua kuna watakaosema tundu linashusha thamani ya gitaa. Kwa gitaa la zamani la asili, lenye kila kitu chake cha kiwandani, nakubaliana nao: usiliguse, tafuta njia isiyohitaji tundu. Lakini gitaa la kazi, lililopita mikono ya watu na kubadilishwa mashine na waya, thamani yake iko kwenye muziki linaoutoa likiwa begani. Kijana anayepiga kila Jumapili hapaswi kuumia kiwiko ili kumlindia rangi mnunuzi ambaye hajazaliwa.

Tundu la zamani msilizibe haraka. Pigeni kwanza ibada kadhaa, mkiwa mmekaa na mkiwa mmesimama, muone pia kama gitaa bado linaingia kwenye kasha lake, kwa sababu kifungo kipya wakati mwingine hugusa ukuta wa kasha. Mkisharidhika, chongeni kijiti cha mti mgumu, kipakeni gundi ya mbao, kigongeni kiingie, mkate kinachozidi na kisu kikali.