Ualimu wa chekechea kupitia chuo cha wananchi: cheti kinamfikisha wapi binti wa Dodoma?

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, vituo vya kulelea watoto vimechipua Ilazo, Kisasa na Nkuhungu. Mama anatakiwa kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, asubuhi. Mtoto wa miaka mitatu abaki na nani? Soko hilo ndilo linalowafanya mabinti wengi wa huku wajiulize: nikasomee chekechea chuo cha maendeleo ya wananchi, au nirudie mtihani wa kidato cha nne ili nipate chuo cha ualimu?

Vyuo vya wananchi vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden. Mkoa wa Dodoma una Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Nchini, baadhi ya vyuo hivi vimekuwa vikifundisha malezi na elimu ya awali, na havimkatai aliyeishia darasa la saba. Chuo cha ualimu kinataka ufaulu wa daraja la kwanza hadi la tatu kidato cha nne, basi.

Nguvu ya vyuo vya wananchi iko kwenye vitendo. Pale ambapo chuo kina chekechea ndani ya uzio, mwanachuo anashinda na watoto wenyewe. Anafaragua zana: vizibo vya soda vya kuhesabia, mbegu za ubuyu za kupanga mafungu, maboksi yanayogeuka duka kwenye kona ya ujifunzaji. Anajifunza kumnyamazisha anayelia asubuhi bila kumtishia fimbo. Kwa maoni yangu, hilo halifundishiki ubaoni.

Tatizo linaanza akishahitimu. Darasa la awali la shule ya serikali lina taratibu zake za ajira. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kwa upande wa ustawi wa jamii. Cheti cha chuo cha wananchi kinamfaa huku kwenye kituo, ambako mshahara ni makubaliano yake na mwenye kituo. (Na mwenye kituo naye anabanwa na wazazi wanaotaka mtoto aje na daftari limejaa herufi, michezo baadaye.) Vijijini, kwenye shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), mwenye cheti hicho anaweza kujitolea kwa posho ya michango ya wazazi. Kijiji kizima kitamwita mwalimu, ila jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara.

Wapo wanaosema kozi fupi inashusha hadhi ya ualimu. Hoja ina uzito. Mtoto wa Bahi aliyelelewa kwa Kigogo anakutana na Kiswahili cha darasani kwa mara ya kwanza, na mwongozo wa mwalimu mmoja kwa watoto 25 wengi wanausikia tu. Kazi ngumu namna hiyo ingestahili aliyesoma zaidi. Lakini huyo aliyesoma zaidi hajafika, na mara nyingi anayeshika nafasi yake ni dada asiyepata mafunzo yoyote. Nikimlinganisha dada huyo na mhitimu wa chuo cha wananchi, namchagua mhitimu bila kusita.

Ninachomwambia binti ni kwamba kabla ya kulipa ada aulize cheti kinatambuliwa na nani, na kama kinamruhusu kuendelea na ngazi ya juu. Kwa Wizara ya Elimu, dai ni moja: anayetaka kupanda hadi stashahada ya ualimu ahesabiwe masomo na mazoezi aliyokwisha kufanya, asirudishwe mwanzo.