Karata Kumi na Moja Kabla ya Saa Nne

Mwaka 1994 niliajiriwa kuwa karani katika kampuni moja ya wakala wa forodha mjini Mombasa, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa na umri mdogo kuliko wote, nilikabidhiwa kompyuta ambayo hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Ilikuwa mashine ya 386 yenye kumbukumbu ya megabaiti 2, na ndani yake mlikuwa na Windows 3.1. Mfumo huo haukujiwasha wenyewe kama ilivyo leo. Kwanza ulikutana na skrini nyeusi ya DOS, mfumo wa zamani wa kuandika amri, ukaandika neno «win», ukabonyeza kitufe cha kuingiza, kisha ukangoja kwa subira ya mtu aliyepanga foleni ya feri ya Likoni.

Fundi aliyeileta alinishauri nicheze Solitaire, mchezo wa karata wa mtu mmoja, ili mkono wangu uzoee kipanya. Ushauri huo niliuzingatia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa maishani.

Tatizo lilikuwa Mzee, mwenye kampuni, ambaye alipita nyuma ya kiti changu mara kwa mara akielekea kwenye birika la kahawa. Nilikuwa nimegundua kwamba pembeni kulia, juu ya dirisha, palikuwa na kishale kinachotazama chini, na kwamba nikikibofya karata hutoweka papo hapo. Mzee akishapita, niliufungua mchezo upya, nao ukanigawia karata mpya. Niliudhika kidogo kwamba mchezo wa awali ulipotea, lakini nilidhani hiyo ndiyo kafara ya mtu anayecheza saa za kazi.

Asubuhi moja meli ilikuwa imetia nanga Kilindini, na Mzee alihitaji orodha ya makasha ya mteja kwa haraka. Nilipojaribu kufungua programu ya majedwali, ulijitokeza ujumbe ulioniarifu kwamba kumbukumbu haitoshi, hivyo nifunge programu moja au zaidi kisha nijaribu tena. Nilitazama skrini, na isipokuwa Program Manager, dirisha kuu la kufungulia programu, lililotanda kutoka ukingo hadi ukingo, sikuona programu yoyote iliyo wazi. Basi nikaenda kwa Mzee mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikamweleza kwa ujasiri wa mtu asiye na hatia kwamba tuliuziwa mashine mbovu.

Mzee alimpigia fundi simu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Fundi alifika akitweta, na ofisi nzima ikakusanyika, maana kila mtu alitaka kumwona akiaibika. Hakuniuliza swali hata moja. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kikajitokeza kidirisha kidogo chenye orodha ya programu zote zilizokuwa zikiendelea: Program Manager, Solitaire, Solitaire, Solitaire. Akateremsha orodha. Solitaire, Solitaire, Solitaire.

«Kile kishale hakifungi kitu, ndugu yangu,» alisema kwa upole ulionichoma kuliko matusi. «Kinakikunja tu kiwe aikoni chini ya skrini, na hii Program Manager yako imekifunika.» Akaipunguza, na hapo chini zikaonekana aikoni kumi na moja za karata, zimejipanga safu kama wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi.

«Kumi na moja,» alisema Mzee. «Tangu Jumatatu?»

Ningeshukuru sana kama fundi angenyamaza.

«Hapana, Mzee. Mashine ikizimwa jioni zote hufa. Hizi ni za leo.»

Mzee aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasorobo, nami nilikuwa nimeingia kazini saa mbili.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wes Cherry, aliyeuandika mchezo ule alipokuwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi pale Microsoft, aliwahi kuutilia kitufe cha kumhadaa bosi, ambacho kingeleta jedwali la uongo kwenye skrini, lakini kampuni ikamwamuru akiondoe kabla ya mchezo kutoka pamoja na Windows 3.0 mwaka 1990. Sijawahi kuomboleza kitu ambacho sikukiona kama nilivyokiombolezea kitufe hicho.

Niliamriwa nizifungue zote moja moja, mbele ya watu, kisha nizifunge. Nilizifunga saba bila mtu kusema neno. Nilipoifikia ya nane, Mzee aliinua mkono, akasogea, akavaa miwani.

«Ngoja. Tisa ya uru si unaiweka juu ya kumi ya shupaza?»

Nikaiweka. Karata iliyokuwa chini yake ikafunuka, ikawa ndiyo niliyoihangaikia tangu asubuhi.

«Sasa funga,» akasema, akaenda zake kwenye kahawa.

Orodha ya makasha niliipiga kwa taipureta, na za mwezi mzima uliofuata pia.